Mwalimu Kindi na Fomu Arobaini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisomesha watoto wao kama sisi, palikuwa na shule moja ya sekondari huko porini. Msiniulize wilaya gani. Nimefundisha miaka thelathini na moja, koo limekwisha, na hadithi hii naisema mara moja tu. Wewe wa nyuma, acha kuchezea begi.

Katika shule hiyo, mwalimu aliyewasaidia wanafunzi kuchagua kazi alikuwa Kindi. Mwili mdogo, mkia mkubwa, macho mekundu kwa uchovu. Kila mwaka kidato cha nne walipokaribia kumaliza, alipewa fomu arobaini. Kila fomu ilitaka mambo mawili: kazi anayoitaka mtoto, na alama ya kwato au ukucha wa mzazi. Hilo la pili ndilo lililomzeesha.

Mwaka huo alikuwepo binti wa Nyati, jina lake Mashavu. Mashavu alitaka ufundi wa pampu za maji. Pampu ya kisima cha shule ilikufa tangu muhula wa kwanza, wanafunzi wakawa wanateka maji mtoni, na kila mapumziko yeye alilala kifudifudi ukingoni mwa kisima akichungulia mtambo ulioko chini. Chuo cha ufundi kilichukua mwanafunzi mmoja tu kutoka kila shule, na hapo shuleni hakuna mwingine aliyekitaka. Kilichobaki ni kwato ya baba.

Baba akaja. Mlango ukalia kwaa!

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Andika daktari."

"Karibu kiti kwanza, mzee."

"Sikai. Andika daktari."

"Mzee, Mashavu akiona damu anazimia. Juzi mwenzake alianguka akachubuka goti, na aliyebebwa kupelekwa zahanati ni Mashavu."

"Atazoea."

"Lakini mwenyewe anataka pampu."

"Pampu!" Nyati akapuliza pua, fomu zikaruka mezani. "Mwanangu mimi ashike spana? Ukoo mzima utanicheka! Sikiliza, mwalimu. Ama uandike daktari, ama namtoa shule leo hii akalee wadogo zake."

Mashavu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Machozi yalimdondoka. Ya kusema alishayasema mwaka mzima.

Kindi akamtazama mtoto, akamtazama baba. Alikuwa amechoka, wanangu, amechoka kweli. Wazazi kama hao aliwajua kwa miaka mingi, na aliujua ugonjwa wao: hakuna aliyejaza fomu ya mwanawe bila kuchungulia kwanza ya mtoto wa Simba.

"Basi ngoja nikalete wino," akasema kwa unyonge.

Mezani akaacha fomu moja, ameifunika nusu tu kwa daftari. Alikuwa ameiandika mwenyewe asubuhi ile, kwa mkono wake: Shibli, mwana wa Simba. Kazi: fundi wa pampu.

Akatoka nje, akasimama ukutani. Moja, mbili, tatu. Ndani daftari likasogezwa, krrr! Kisha akasikia, "Lo!"

Aliporudi, Nyati alikuwa amekaa kitini, mpole ajabu.

"Mwalimu wangu, lile la pampu, nadhani nilisema kwa haraka."

"Aa, achana nalo, mzee. Lile si la kila mtu."

"Kwani mimi ni kila mtu?"

"Nafasi ni moja tu, mzee. Na ina wenyewe."

"Wenyewe wana pembe kubwa kuliko hizi? Lete huo wino!"

Kwato ikatua kwenye fomu, puu! Mashavu akaruka juu kwa furaha mpaka akagonga kizingiti.

Msicheke bado. Mngekuwa ninyi ndio Kindi msingecheka.

Nyati alipofika nyumbani hakuweza kuufunga mdomo. Alimwambia Fisi kwamba mwanawe kapata neema ya pampu, bila kumtaja Simba, na ukimwambia Fisi umeitangazia nchi nzima. Kufikia saa tisa mchana wazazi wote walikuwa wamerudi shuleni kubadilisha fomu. Mtoto wa Twiga, aliyekuwa anataka upishi, akaandikiwa pampu. Mtoto wa Fisi, aliyetaka utangazaji wa redio, pampu. Watoto wa Tembo, mapacha, pampu na pampu.

"Ee Mungu wangu, nimefanya nini mimi?" Kindi akajishika kichwa.

Mara Simba mwenyewe akaingia. Hakubisha hodi.

"Nasikia kuna neema ya pampu hapa," akanguruma. "Wa kwangu mbona hayumo?"

Kindi akapiga hesabu haraka. Simba akiitaka nafasi ile moja, ni nani wa kumnyima? Mashavu alikuwa amekwisha, na aliyemmaliza ni mwalimu wake mwenyewe.

"Yumo, mheshimiwa, akitaka," Kindi akasema polepole, akitafuta maneno. "Ila kuna sharti la chuo. Kesho asubuhi kila mwombaji ashuke kisimani akaitengeneze ile pampu ya shule. Na kamba ashike mzazi wake mwenyewe."

Chuo hakikuweka sharti lolote. Uongo wa pili huo, na wa kwanza bado ulikuwa haujapoa.

Kulipokucha, wazazi wakajazana kisimani kana kwamba kuna arusi. Wa kwanza alikuwa mtoto wa Twiga. Miguu ikafika majini, kichwa kikabaki nje.

"Unaiona pampu?" akauliza Kindi.

"Namuona baba tu. Baba, mimi nataka kupika!"

Mtoto wa Fisi aliposhushwa alicheka kwa woga, na kisima kikamrudishia kicheko chake mara tatu. Alitolewa akitetemeka. Mapacha wa Tembo hawakupita hata mdomo wa kisima. Mmoja baada ya mwingine wakajaribu, wakatolewa, na kila aliyekuwa kule chini gizani, mbali na macho ya mzazi, alipiga kelele kusema anachotaka. Wengine walikuwa hawajawahi kukisema.

Zamu ya Shibli ikafika. Simba akashusha kamba. Kisha sauti nyembamba ikapanda:

"Baba, nitoe! Sitaki pampu!"

"Unataka nini basi?"

"Sijui! Hujawahi kuniuliza!"

Simba akamvuta juu. Aibu ilimshika, akawa anatazama chini.

Akabaki Mashavu. Akajifunga kamba, akabana spana kwa meno, akashuka kama anayekwenda kwao. Juu Nyati alishika kamba kwa nguvu zote. Kule chini kunalia gong', gong', gong', yeye huku juu kifua kimemtuna.

"Pole, mheshimiwa," akamwambia Simba. "Na wewe ndiye uliyetangulia kuichagua pampu."

"Mimi? Mimi nimeisikia kwako."

"Kwangu? Fomu ya mwanao nimeiona kwa macho yangu!"

"Fomu ya mwanangu ninayo nyumbani. Haina hata nukta."

Wote wakageuka kumtazama Kindi. Angeweza kukimbilia juu ya mti. Hakukimbia, hakuwa na nguvu hizo.

"Ile niliiandika mimi," akasema. "Nilikudanganya, mzee."

"Umenidanganya mimi? Mbele ya watu wote hawa?" Macho ya Nyati yakawa mekundu. "Si ungeniambia ukweli!"

"Nilikuambia, ukasema atazoea. Mwanao amekuambia mwaka mzima."

Nyati akainamisha pembe. Vumbi likaruka chini ya kwato zake. Lakini kumrukia Kindi ni mpaka aiachie kamba, na mwisho wa kamba yuko mwanawe, chini kabisa kisimani. Akasimama pale anahema, fuu, fuu.

"Baba!" sauti ikatoka kisimani, ina furaha tele, haijui lolote la huku juu. "Baba, legeza kidogo! Imebaki nati moja, siifikii!"

Nyati akamtazama Kindi. Kisha akaitazama kamba mikononi mwake.

Akalegeza.

Gong'. Gong'. Kisha bomba likakohoa, likatema tope, likatema kutu, halafu maji yakaja, shwaaa! Watoto wakapiga vigelegele. Nyati alimvuta binti yake juu, ameloa tope hadi masikioni, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ndicho hiki ulichokuwa unaniambia?"

Kindi hakupiga makofi. Alikwenda akakaa ofisini, maana zilibaki fomu thelathini na tisa za kuandikwa upya, na safari hii wazazi walikuwa wamepanga foleni nje, kila mmoja na mwanawe, wanaulizana.

Hadithi imeishia hapo, na funzo lake ni moja: anayekwenda kuifanya kazi ndiye wa kuulizwa kwanza.