Jasho la Mtungi wa Naetwe

Sogeeni, wajukuu. Wewe uliyekaa kizingitini ingia ndani, mlango si kiti. Anayepukuchua mahindi aweke ungo chini kwanza, punje zikigonga hatusikilizani. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Haya, kimya. Kisa hiki kinamtaja Mulungu, naye hatajwi katikati ya kelele.

Zamani hizo mtungi wa maji haukujua kutoka jasho. Nje ulikuwa mkavu kama jiwe la kusagia, hata tone halikupenya. Maji yaliyochotwa alfajiri yalikuwa vuguvugu kabla ya saa nne, na adhuhuri ukiyanywa ni kama umepewa uji uliosahauliwa unga. Watu waliyanywa hivyo hivyo. Hawakuwahi kuonja mengine, wangelalamika nini?

Na zamani hizo Mulungu hakukaa mbali. Alikaa pale juu mlimani, ukungu unapoanzia, na kumwomba hakukuwa na mlolongo. Mtu alikuwa analima, anainua uso, anasema haja yake, anainama tena kulima. Hakuna aliyemuuliza jirani yake umeomba nini.

Katika kijiji kimoja cha huko milimani aliishi mfinyanzi, jina lake Naetwe. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia mabinti wawili na mama mzazi wa marehemu, bibi kipofu aliyeitwa Nakijwa. Naetwe aliwalisha wote watatu kwa mikono yake. Alichimba udongo bondeni, akaukanda, akafinyanga, akaulainisha kwa kokoto mpaka mtungi ukang'aa kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta. Kisha alipanga kazi yake uwanjani, akaifunika kwa nyasi na kuni, akachoma. Siku ya kuchoma ndiyo ilikuwa siku yake ya hofu, kwa sababu mvua ikiukuta mtungi motoni unapasuka, na kazi ya mwezi mzima inabaki vigae.

Ikaja kiangazi. Mwaka wa kwanza watu walivumilia. Mwaka wa pili waliuza mbuzi. Mwaka wa tatu chemchemi ikawa inatoa maji kama mtu anayelia kwa kujilazimisha, na mzee Mbonea, mtunza mahali pa tambiko, akazika wajukuu wawili katika mwezi mmoja. Majonzi yale yalimtafuna. Alikuwa mtu mpole, lakini sasa alitaka kumpata wa kulaumiwa, na akitazama huku na huku aliona kitu kimoja tu: kila mlango ulikuwa na njaa, ila uwanjani kwa Naetwe vyungu vilikauka vizuri kuliko wakati wowote.

"Nani kati yetu anafurahia jua?" aliwauliza wazee. "Nitajieni mmoja."

Hawakuhitaji kutaja. Siku ile ile Naetwe aliletewa habari kwamba keshokutwa asubuhi aje kwenye tambiko na mtungi wake mwenyewe, aweke kiganja juu yake, aape kuwa hajafunga mvua. Akiapa uongo, mtungi utapasuka, naye atavushwa mlima pamoja na watoto wake na yule bibi kipofu, ateremke nyikani ambako hakuna ndugu wala kisima. Ndivyo kiapo kilivyokuwa.

Naetwe alirudi ndani, akakaa chini. Aliyemtisha hakuwa Mbonea. Lililomtisha ni kwamba aliomba. Miaka mitatu nyuma, kabla kiangazi hakijaanza, alikuwa na mitungi ishirini uwanjani, wingu likajikusanya, naye akainua uso akasema, "Mulungu wangu, ishikilie hii mvua siku tatu tu, nichome." Na mvua ikashikwa. Tangu hapo haikuachiliwa. Alikuwa amelibeba neno hilo peke yake, na kila mtoto aliyezikwa kijijini alimhesabu kuwa ni wake.

"Mama," alimwambia Nakijwa, "mimi ndiye."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, siku tatu uliomba. Kama Mulungu hajui kuhesabu mpaka tatu, hilo ni kosa lako?"

"Usifanye mzaha, mama."

"Nifanye nini basi? Nilie? Macho yenyewe hayafanyi kazi." Akamtafuta mkono, akaushika. "Wengine wangekuambia apa tu, nani atajua. Mimi sikuambii hivyo. Nitakwenda na wewe. Ukivushwa mlima utanishika mkono, na nikichoka utanibeba, nimekonda siku hizi."

Asubuhi yenyewe kijiji kizima kilikuwa tambikoni. Mtungi haupi kiapo ukiwa mtupu, hivyo kila nyumba ilileta kata moja ya maji, na mwaka ule kata moja ya maji ilikuwa kitu cha kufichwa uvunguni. Walimimina kata kwa kata mpaka mtungi wa Naetwe ukajaa. Ukawekwa juani, juu ya jiwe. Jua lilikuwa tayari kali. Naetwe akapiga magoti, akaweka kiganja.

"Apa," Mbonea akasema.

Naetwe alifungua kinywa, na maneno aliyofundishwa hayakutoka. Yakatoka mengine.

"Siwezi kuapa, baba Mbonea. Niliomba jua, kabla tu kiangazi hakijaanza. Nilikuwa na mitungi ishirini na watoto wawili wasiokula, nikaomba siku tatu. Sikuomba miaka mitatu. Lakini niliomba, na Mulungu alinisikia, yupo hapo juu ananisikia sasa. Kama ni mimi, basi ni mimi."

Watu walimwangalia kama mtu anayeanguka. Mbonea akafunga macho, maana alikuwa amelipata alilolitaka, na halikumtuliza hata kidogo.

Ndipo mwanamke mmoja nyuma, mama wa bi harusi wa mwaka ule wa mwanzo, akajikohoza. "Lakini... jamani. Hata mimi niliomba. Ilikuwa harusi ya mwanangu. Nilimwomba Mulungu mvua isiwanyeshee wageni."

"Siku hiyo hiyo?" mtu akauliza.

"Wiki hiyo hiyo."

Mwanamume mwingine akajikuna kichwa. "Mimi nilikuwa nimeanika ulezi."

"Mimi maharage."

"Mimi nilikuwa na safari ya kwenda kwa wakwe, na viatu vipya," akasema kijana mmoja, na mkewe akamtwanga kiwiko. "Kumbe ni wewe!"

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wengine wakicheka kwa aibu na wengine wakilia, mpaka ikaonekana kwamba mwezi ule kijiji kizima, kila mtu kwa kona yake, alikuwa ameinua uso akaomba jua. Mulungu hakuwa amemsikiliza mfinyanzi peke yake. Aliwasikiliza wote, kama walivyomwambia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kurudi kumwambia sasa yatosha, asante, lete mvua.

Alibaki Mbonea. Watu hawakumtazama, ndiyo sababu ilimwia vigumu zaidi. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naezeka nyumba. Ya wajukuu wangu."

Wakati huo binti mdogo wa Naetwe akapiga ukelele: "Mama! Mtungi!"

Mtungi haukupasuka. Wala haukubaki mkavu. Ule udongo uliong'aa ulikuwa umefanya matone madogo madogo kote, kwenye shingo, tumboni, matone yakashikana yakateremka mpaka kwenye jiwe. Hakuna aliyewahi kuona kitu hicho. Kiapo kilikuwa na hukumu mbili tu, na hii ilikuwa ya tatu.

"Ni jasho!" mzee mmoja akapayuka. "Umetoka jasho la hatia!"

"Hebu nipelekeni," akasema Nakijwa. Wakamsogeza. Bibi akaupapasa mtungi kwa viganja vyote viwili, kisha akauegemezea shavu, akakaa hivyo muda, kama anayemsikiliza mtoto anayepumua. "Nyinyi mnaoona, mnaona nini?" akasema. "Mimi nimegusa baridi. Nipeni kata."

Akanywa. Tumboni alisikia baridi ikiteremka kama maji ya chini ya mwamba, na jua hapo lilikuwa la kuchoma visigino. Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyofanya kazi.

"Mpeni Mbonea," akasema. "Yeye aliyefiwa. Aanze yeye."

Mbonea alipokea kata kutoka mkononi mwa Naetwe. Alipokwisha kunywa alikaa chini vumbini, akasema, "Tuliomba vibaya akatusikia, na bado ametupa maji baridi." Kisha akasema "Asante," naye ndiye wa kwanza kijijini kumrudishia Mulungu neno hilo. Wote wakalipokea, wakalisema mpaka likafika mlimani.

Mvua haikunyesha siku hiyo. Ilikuja siku ya tisa, mchana, na Naetwe alikuwa na mitungi kumi na mitatu motoni. Ilipasuka yote, moja moja, pa! pa! pa! Watu walitoka nje kumsikitikia, wakamkuta amesimama katikati ya uwanja, nguo zimelowa, anapiga makofi kila mtungi unapolia, anasema, "Chukua, Mulungu wangu! Chukua na huo!"

Kesho yake, udongo ukiwa bado laini, Mbonea alifika uwanjani kwake na jembe begani, akauliza, "Mwanangu, udongo mzuri unachimbwa wapi?"

Na tangu siku hiyo, mtungi wa maji hutoka jasho juani, na maji yaliyomo huwa baridi. Mulungu alijisogeza mbali kidogo zaidi ya ukungu, si kwa hasira, bali apate nafasi ya kuzipima haja zetu kabla ya kuzijibu. Tena huku kwetu anayeomba jua huongeza, "na mwenzangu mpe lake." Ukoo wa Mbonea ulirithi jembe la bondeni, na mpaka leo wanaume wake ndio wanaowachimbia wafinyanzi udongo bila kulalamika. Mabinti wa Naetwe walirithi kokoto la kulainishia. Kila nyumba ilirithi desturi ya mtungi mpya: kata ya kwanza hapewi mwenye nyumba, hupewa yule mliyekosana naye, hata kama ni kwenda kumgongea mlango. Vyungu vya kupikia havikurithi kitu, vilibaki vikavu, kwa kuwa siku ile vilikuwa nyumbani.

Na sisi tulirithi kiu, na maji ya kuituliza, na neno la kusema tukishusha kata.