Nyani, Sange na Pilau ya Kufunga Shule

Paukwa!

Pakawa!

Kengele?

Imelia!

Sufuria?

Imefunikwa!

Nani kaonja?

Si mimi!

Si wewe? Na hiyo punje ya wali kidevuni? Haya, tutayaona. Kaeni vizuri. Nawe Tatu, mwondolee mwenzio mguu.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao ya sekondari, ya bweni, yenye kengele na sare na adha zote. Kiranja mkuu alikuwa Nyani. Kifua mbele, tai shingoni, mkia juu. Alichaguliwaje? Alisimama mbele ya wenzake akasema, "Anayenipinga ajitokeze." Na Nyani ana meno. Nani ajitokeze?

Kila mwaka, siku ya kufunga shule kwa sikukuu, palikuwa na tamasha la nyimbo, na baada ya nyimbo, pilau ya nyama. Nyama ya nani? Usiulize, wewe kula hadithi. Muhula mzima watoto wa watu walikunywa uji wakiiota pilau hiyo. Lakini Nyani alikuwa amepitisha sheria yake kwenye baraza la wanafunzi: "Hakuna kula mpaka kiranja mkuu akuite jina."

Basi, haiti mtu! Wenzake wakiimba ukumbini, yeye yuko jikoni. Anakula, anakula, anakula. Wenzake wakija, sufuria tupu. Wale Digidigi wa kidato cha kwanza, ambao kwao ni mbali, wanashika njia matumbo yakilia ngurungu! ngurungu! Mwaka mmoja, mmoja wao alianguka njiani kwa njaa. Jambo hilo lilimuuma sana Sange.

Sange ndiye aliyekuwa katibu wa burudani. Kama humjui, ni kijinyama kinachoweza kulala ndani ya kiatu, na pua yake ndefu, utadhani kaazima mkonga. Mwaka huo Sange akaenda kwenye baraza, akainama mpaka pua ikagusa sakafu.

"Mheshimiwa kiranja, mgeni rasmi safari hii ni Mzee Tembo, mwenyekiti wa bodi. Anataka wimbo wa kuagana. Tumetafuta sauti ya kuuongoza, hatujaipata."

"Shule nzima?"

"Shule nzima. Simba ana kwikwi. Sauti ya Twiga ni nzuri, ila inachelewa kufika."

"Na mimi je?"

"Wewe? Tuliogopa kukusumbua. Wewe una majukumu jikoni."

Nyani akavimba. Kilemba cha ukoka kilikwisha kumkaa, tena sawasawa.

"Nitaongoza mimi! Lakini... pilau?"

"Pilau itakwenda wapi, mheshimiwa? Si kuna sheria yako? Bila wewe kumwita mtu jina, nani ataigusa?"

"Wahu! Wahu!" Nyani akacheka. "Kweli. Sheria yangu ni kufuli."

Sasa, wimbo wa kuagana pale shuleni una desturi yake. Kiongozi anamwita mtu jina, wenzake wanaitikia, na aliyeitwa anacheza hadi mlangoni, anatoka. Wadogo kwanza, wakubwa nyuma yao, kiongozi mwisho wa wote. Na nje ya mlango wa ukumbi kuna nini? Jiko. Ehee! Umeanza kuelewa, na Nyani bado.

Siku ikafika. Mzee Tembo akajaza kiti chake. Sange akashika ngoma. Ti-ti-pu! Ti-ti-pu!

Nyani akafumba macho kama waimbaji wakubwa. "Digidigi ee, uko wapi?"

"Yupo, aenda, kwaheri!"

Digidigi wote wakatoka wakicheza. Mlangoni pa jiko kasimama mpishi, Mama Kiboko, na mwiko wake.

"Mmeitwa?"

"Tumeitwa."

"Na nani?"

"Na kiranja mkuu."

"Piteni!" Pwa! pilau kwenye sahani.

Ti-ti-pu! "Nguchiro ee, uko wapi?"

"Yupo, aenda, kwaheri!"

"Umeitwa?"

"Nimeitwa."

"Pita!" Pwa!

Ti-ti-pu! Swala akaitwa. Pwa! Punda Milia akaitwa. Pwa! Twiga akaitwa, akainama mlangoni. Pwa!

Waitikiaji wakazidi kupungua, Nyani akazidi kupaza sauti. Moyoni alisema, "Wamezidiwa na utamu, wanakwenda kulia nje." Mara Twiga akacheua. Cheuo la Twiga lina safari ndefu. Lilianza tumboni, likapanda shingo, likapanda, likapanda, likaja kutokea: Beeeu! Upepo ukalileta hadi ukumbini, lina harufu ya iliki.

Nyani akafumbua macho. Ukumbi mweupe! Amebaki Simba na kwikwi yake, Mzee Tembo anapiga makofi, na Sange kwenye ngoma. Akaukata wimbo.

"Usikate, mwanangu!" akanguruma Mzee Tembo. "Ndiyo kwanza nakolea!"

Mwenyekiti wa bodi, utamkatia wimbo? Nyani akaimba karibu na kulia. "Simba ee, uko wapi?" Simba akatoka. Hik! Pwa!

"Na mgeni wenu hana jina?" akauliza Mzee Tembo.

"Te... Tembo ee..."

Mzee Tembo akatoka akicheza, gudu, gudu, gudu. Sitaki kuwaambia alikula kiasi gani.

Nyani akatupa tai, akatimua mbio. Fyuu! Mlangoni, mwiko.

"Umeitwa?" akauliza Mama Kiboko.

"Mimi ndiye niitaye!"

"Sikuuliza hilo. Umeitwa?"

"Najiita! Nyani! Nyani!"

"Mtu hajiiti, mwanangu. Sheria yenyewe umeitunga wewe, nami nimeibandika hapa juu ya mlango. Na usinisumbue, imebaki sahani moja."

Nyani akaruka juu, akapiga kifua, akapiga ardhi. "Nani kanifanyia haya? Sange! Yuko wapi Sange? Sange!"

"Nipo, mheshimiwa!"

Vu! Sange akapita katikati ya miguu yake. Njaa ilikuwa imemuuma yeye pia, kapiga ngoma mpaka mwisho na hakuna aliyemwita.

"Umeitwa?"

"Nimeitwa mara tatu, mama, na wewe umesikia."

"Pita!" Pwa! Na kwa zile mara mbili za ziada, akamkwangulia ukoko.

Siku hiyo Digidigi walifika kwao wakiimba. Aliyeshika njia na ngurungu tumboni alikuwa Nyani.

Funzo, watoto: watiini viranja wenu. Kiranja akikuita, usibishane, nenda mbio. Na kama umepewa cheo, tunga sheria nyingi, zitakufaa.

Sufuria yangu tupu, mwiko naurudisha ukutani, anayetaka zaidi akapike yake. Lakini nasikia harufu ya chakula huko ndani, na nyumba hii nayo ina adabu zake, siwezi kwenda tu. Hakuna wa kuniita?

Bibiiii!

Nimeitwa!