Siagi ya Fidelma na Zimwi la Kinamasi

Paukwa!

Pakawa!

Midomo?

Tumefunga!

Fungeni kweli, maana hii si hadithi ya kutoka nayo hapa. Apeni wote. Na wewe unayecheka, apa! Semeni: nikiitoa, ulimi wangu uote upele.

Vizuri. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo na sista mmoja wa zahanati, mzaliwa wa huko huko yalikotokea. Tulikuwa tunachambua mchele. Akaniambia, "Mama, usimwambie mtu hata mmoja." Nikaapa mkono juu. Haya, sogeeni niwaambie.

Hapo zamani, katika nchi ya Ayalandi, mbali kaskazini, palikuwa na jimbo la mashamba lenye mvua isiyochoka. Milima ya kijani, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, na katikati kinamasi cheusi kisicho na upande wa pili. Kule kuni hakuna. Watu waliukata udongo wa kinamasi vipande kama matofali, wakauanika, wakaupikia.

Ndani ya kinamasi hicho liliishi zimwi. Nywele zake mizizi ya miti iliyooza. Kucha zake kama majembe. Jicho lake moja, na hilo moja halilali.

Zimwi hilo lilipenda siagi kuliko nyama. Kila Mei mosi, ng'ombe wakipelekwa malisho mapya, kila nyumba ilizika donge la siagi kinamasini kabla jua halijazama. Nyumba isiyo na siagi ilitoa mtu, tena aliye mdogo kuliko wote. Sauti ilitoka chini, ardhi ikitetemeka:

"Siagi yangu, au mtu wangu!"

Basi, alikuwepo mwanamke aitwaye Fidelma. Mwaka ule viazi vilipooza mashambani na watu wakafa njaa, mumewe alipanda meli akatafute kazi ng'ambo. Hakurudi yeye, hazikurudi hata salamu zake. Fidelma akabaki na kibanda cha nyasi, ng'ombe mmoja mwekundu, na binti yake mdogo, Etna. Kwa hiyo siagi ikikosekana, wa kwenda kinamasini ni nani? Mmeshajua, msinifanye niseme.

Siku moja, Mei ikikaribia, Fidelma alimimina maziwa kwenye pipa la kusukia. Pipa lenyewe refu, jembamba, mfuniko wake una tundu, na mchi unapita tunduni. Ni kama kinu, ila kinachotwangwa ni maziwa. Akapiga mchi. Pu! Pu! Pu!

Mara mlango ukafunguka, akaingia Bibi Onora.

Huyu ndiye mwenye nyumba kubwa ya kilimani, ile yenye mabomba manne ya moshi. Ng'ombe wake kundi zima, weusi tititi. Siagi yake ilisifiwa kila gulio. Na mashauzi? Ee! Alivaa glavu nyeupe hata akimkamata kuku.

"Hujambo, Fidelma mwanangu? Moto wangu umezimika. Nitilie kaa moja humu," akasema, akinyoosha kisufuria cha chuma chenye mfuniko.

Sasa shikeni mila ya kule. Ukiingia nyumba ya mtu ukamkuta anasuka maziwa, hata kabla ya salamu, unashika mchi. Unapiga kidogo, ndipo unakaa. Asiyeshika mchi, wanasema, anaondoka na siagi ya watu.

Fidelma aliijua mila hiyo tangu utoto. Lakini angemwambiaje Bibi Onora, na zile glavu, ashike mchi wa maskini? Akaona haya. Akampa kaa la moto, akasema, "Karibu tena, Bibi."

Akapiga mchi hadi mabega yakamuuma. Akafunua pipa.

Povu tupu. Siagi hakuna.

Wiki ile akasuka tena. Pu! Pu! Pu! Bibi Onora huyo. "Mwanangu, mvua imeingia bombani, moto wangu umezimika. Nitilie kaa." Akapewa. Akaenda zake.

Povu tupu. Siagi hakuna.

Akasuka mara ya tatu, na kesho yake ndiyo Mei mosi. Bibi Onora huyo na kisufuria chake. "Watumishi wa siku hizi, mwanangu! Wamelala, moto umezimika."

Alipotoka, Etna akauliza, "Mama, mbona yule hashiki mchi?"

"Nyamaza. Yule ni mtu mkubwa."

Povu tupu. Siagi hakuna.

Asubuhi ya Mei mosi Fidelma alikamua ng'ombe, akamimina maziwa pipani, akatoka nje akalie mahali Etna asipomwona. Akaegemea ukuta wa mawe. Alipoinua macho kufuta machozi, akaiona nyumba ya kilimani.

Mabomba manne. Yote manne yanafuka moshi.

Machozi yakakatika hapo hapo. Kule moto hauzimwi, wajukuu zangu. Usiku unafukiwa jivu, asubuhi unafukuliwa. Moto aliouwasha babu, mjukuu anaupikia. Fidelma akajiuliza: mwenye meko manne anazimikiwa mara tatu, na kila mara siku ninayosuka maziwa mimi?

Lakini akiyasema, nani atamwamini? Akapakia pipa kwenye mkokoteni wa punda, akachukua makaa kwenye ndoo, akamshika Etna mkono, wakateremka kinamasini.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni, kila mmoja na donge lake. La Bibi Onora lilikuwa kubwa kama mto wa kulalia. Padri naye alikuwepo, anajifanya amepita tu.

"Fidelma, siagi yako iko wapi?" akauliza Malaki mhunzi.

"Imo pipani, kaka, haijazaliwa. Nisaidieni kuizalisha."

Watu wakacheka, lakini mila ni mila. Malaki akashika mchi. Pu! Pu! Pu! Wake wa wakulima wakashika. Padri akakunja mikono ya kanzu akashika. Jua likagusa kilima.

"Siagi yangu, au mtu wangu!"

Fidelma akafunua pipa. Povu tupu.

Kinamasi kikapasuka, ukatoka mkono mweusi unatiririka maji. Watu wakarudi nyuma, Etna akamkumbatia mama yake kiunoni. Na katikati ya kelele zile, Bibi Onora akasogea taratibu kwenye ndoo, kisufuria mkononi.

"Baridi hii, Fidelma mwanangu! Nitilie kaa moja nikote."

Fidelma akamtilia. Bibi Onora akakificha kisufuria ndani ya shali, akaanza kurudi nyuma.

"Bibi Onora," Fidelma akasema kwa sauti, "shika mchi."

Watu wakageuka wote. Hata punda aliacha kutafuna.

"Mimi? Mkono wangu una baridi yabisi."

"Shika mchi, Bibi. Padri ameshika."

"Glavu zangu zitachafuka!"

"Siagi yangu, au mtu wangu!" Kucha zikamkamata Etna kifundo cha mguu. Mtoto akalia, "Mama!" akaanza kuburutwa.

"Shika mchi!" watu wote wakapaza sauti.

Fidelma akamng'ang'ania Etna kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akamdaka Bibi Onora kifundo cha mkono, akaubandika kwenye mchi, akausukuma chini.

Pu!

Shali ikaanguka. Mfuniko wa kisufuria ukaruka juu. Kaa la moto halikuwemo. Ilikuwemo siagi, ya manjano, inafura kama uji unaofurika, inamwagika juu ya glavu, inateremka hadi kiwiko, inadondokea viatuni. Fidelma akausukuma mchi tena. Pu! Siagi ikazidi.

Malaki mhunzi akainama, akachomoa kitu kwenye siagi, akakiinua juu. Unywele wa ng'ombe. Mwekundu.

"Bibi Onora," akasema, "ng'ombe wako si weusi wote?"

Fidelma akachota siagi ile kwenye mkono wa tajiri, konzi moja nzito, akaitupa kinamasini. Zimwi likalamba. Likalamba tena. Kucha zikaachia mguu wa Etna, na lile jicho moja likageuka polepole kumtazama Bibi Onora.

"Kumbe siagi niliyokuwa naila kwa jina lako miaka yote ni ya watu?" likauliza.

Bibi Onora akavuta mkono utoke kwenye mchi. Haukutoka. Akavuta, umeganda. Akavuta, umeganda. Akasimama hivyo hivyo mbele ya padri, mbele ya mhunzi, mbele ya jimbo zima, mkono mmoja mchini na mwingine siagi hadi kiwikoni, akasema:

"Mimi nilikuja kuazima kaa tu."

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kinamasi. Mwenye miguu mirefu aende akaone kama ule mkono umeshabanduka. Mafunzo yake ni haya: ukiwakuta watu kazini, shika kazi. Na mwenye nyumba asione haya kumwambia mkubwa ashike mchi ulioshikwa na wote.

Sasa nendeni mkalale. Na mliapa!