Mlango Ulioangalia Barabara

Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake nadhani walisema wakiwa wamechoka, huku wakijikuna. Maana yake si ngumu: shida ya mahali anaijua aliye ndani yake, na anayetoka nje, hata awe na moyo mwema na mikono ya kazi, atabaki kubahatisha. Ugumu ni kulikumbuka neno hilo wakati kazi unaijua na watu wote wanakuita fundi.

Fundi wa hadithi hii alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja na magoti ya mtu wa themanini. Maisha yake yote alikuwa amejenga maduka, shule, na nyumba za watu ambao hawakumkaribisha tena baada ya kuhamia. Kisha binti yake wa pekee akafariki dunia kwa uzazi, njiani, kabla ya kufika hospitali. Tangu siku hiyo Fundi alikula asishibe, akalala asipumzike. Aliposikia shirika moja linatafuta mafundi wa kujitolea, waende nchi jirani kujenga chumba cha kujifungulia katika kijiji kilicho mbali na hospitali, alijaza fomu kabla ya kumwambia mtu yeyote.

"Kaka, kwa umri huo unakwenda kukoroga zege ugenini, tena bure?" mdogo wake aliuliza.

"Si bure," Fundi alijibu. "Nataka baba mmoja tu asilie kama nilivyolia mimi."

Kijijini alipokewa na mjane mmoja aliyeitwa Mama Kimya, kwa kuwa maneno yake ya siku nzima yangeenea kiganjani. Alikuwa akiishi na mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mjini. Mkwe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa humo humo nyumbani akiwa hana uhai, baada ya uchungu wa siku mbili. Kila Fundi alipomtazama alimwona binti yake, akainamisha macho kwenye kikombe.

Siku ya kuchimba msingi, Mama Kimya alimpelekea chai kazini. Akasimama akiutazama uzi uliovutwa kati ya vigingi.

"Kaka, mlango utaangalia wapi?"

"Barabarani, dada. Nyumba inayoipa barabara mgongo imenuna. Mimi sijawahi kujenga nyumba iliyonuna."

Mama Kimya alifungua kinywa, akakifunga. "Sawa," alisema, akachukua kikombe chake na kwenda zake. Fundi, kwa haraka aliyokuwa nayo ya kumwaga zege, alidhani amekubaliwa.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Matofali yalifika nusu yake yamevunjika, maji yalichotwa bondeni, na jioni Fundi alivua viatu akiwa amelala chali kwa sababu mgongo ulikataa kuinama. Hata hivyo, baada ya miezi mitatu chumba kilisimama. Kilikuwa na kuta nyeupe, vitanda viwili vipya, madirisha makubwa na mlango mpana kama wa ukumbi wa harusi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka, na mbele ya duka benchi, na juu ya benchi wanaume waliocheza drafti kuanzia asubuhi. Hao hakuna kilichowapita: nani kapita, kavaa nini, anakwenda wapi, na kwa nini kachelewa kurudi.

Shirika lilileta mkunga, msichana wa mjini aliyejua kazi yake. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili mama mmoja alijifungulia jikoni kwake, mwingine shambani. Mkunga alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mwanamke alimjibu kwa adabu kwamba atakuja. Hakuja hata mmoja. Ndipo shirika lilipoandika barua: ikifika mwisho wa mwezi na hakuna aliyejifungulia pale, vitanda vitahamishwa na mkunga atapelekwa kijiji kingine.

"Watu hawa hawana shukrani," Fundi alilalamika. "Nimewavunjikia mgongo!"

"Mzee wangu, hata mimi sielewi," mkunga alisema.

Mkwe alikuwa amebakiza wiki mbili. Jioni moja Fundi hakuweza kuvumilia. "Mwanangu, siku ikifika utakwenda kwa mkunga?"

"Mungu akipenda, baba," alijibu, akiutazama ukuta. Fundi alilitambua jibu la mtu asiyekusudia kwenda. Aliogopa mpaka chakula kikamshinda.

Uchovu nao ulikuwa ukimsubiri. Asubuhi iliyofuata homa ilimwangusha karibu na pipa la maji, na mkunga, akisaidiwa na mwenye duka, akamlaza kwenye kitanda kimoja kati ya vile viwili. Mlango ukaachwa wazi kwa sababu ya joto. Hapo ndipo Fundi alipoanza kuijua kazi ya mikono yake.

"Fundi leo kavaa fulana yenye tundu!" sauti ilitoka kwenye benchi.

"Kageukia ukutani."

"Sindano hiyo! Mmeona alivyokunja uso?"

Watoto waliotoka shule walipanga mstari mlangoni. "Shikamoo, Fundi!" waliimba, wakasimama kumtazama akitapika kwenye beseni. Mkunga alipofunga mlango, benchi lilitangaza, "Wamefunga! Kazidiwa!" Saa moja baadaye nusu ya kijiji ilikuwa nje ikiuliza maziko ni lini.

Mama Kimya alileta uji, akaketi.

"Dada, humu mtu hawezi hata kuugua kwa amani," Fundi alinung'unika.

"Na kuzaa je?"

Fundi aliacha kunywa.

"Mwanamke wa hapa akishikwa na uchungu hatangazi," Mama Kimya alisema taratibu. "Tunasema uchungu ukijulikana unarefuka. Mkwe wangu ile mara ya kwanza alijulikana. Benchi lilihesabu saa zake zote. Halafu akapita mbele yao mikono mitupu. Unadhani atapita tena?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mlango, kaka, ukaniambia habari za kununa. Mgeni kaja kukusaidia, utamkatiza mara ngapi?"

Fundi aliona aibu iliyozidi homa. Alikuwa karibu kumpoteza binti wa pili kwa sababu ya mlango, na kwa sababu hakuuliza.

Siku ya tatu alishika nyundo, akatoboa mlango kwenye ukuta wa nyuma, upande inakopita njia ya mashambani. Matofali aliyoyatoa akayatumia kuziba mlango wa mbele.

"Homa imepanda kichwani," benchi lilisema. "Anabomoa yake mwenyewe!"

Fundi alimgeukia Mama Kimya aliyemletea uji. "Dada, na madirisha haya?"

"Yapandishe."

"Mpaka wapi?"

Mama Kimya alinyoosha mkono juu ya kichwa chake, na Fundi akapima palepale.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha, Fundi alikuwa ameketi uani akitengeneza mpini wa mwiko wake. Mkwe alimpita na jembe begani, akamwamkia, akaelekea njia ya shamba. Jua lilipoanza kushuka, Mama Kimya alikuja akaketi kando yake.

"Umepata mjukuu. Wa kike, ana sauti kama tarumbeta. Na mama yake mzima."

"Nani? Lini? Si nimemwona akienda kulima!"

"Hata benchi limemwona akienda kulima."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikageuka, akalia waziwazi, mwiko mkononi. Mama Kimya hakumnyamazisha. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu amzike binti yake, alilala mpaka kukakucha.

Vitanda havikuhamishwa. Alipokuwa akifunga mizigo ya kurudi kwao, shirika lilimpa karatasi aandike ushauri kwa watakaojitolea baada yake. Nafasi iliyoachwa ilikuwa ukurasa mzima. Fundi, aliyekuwa amechoka na mwenye hati mbaya, aliandika mstari mmoja: "Kabla hujavuta uzi, muulize anayelala humo, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."