Upawa wa Kwanza wa Nakijwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana umeme ulikuwa umeshafika na simu zilikuwa mifukoni, palikuwa na mwalimu mstaafu katika mji mdogo chini ya milima ya Upare. Jina lake Eliakimu. Mkewe aliitwa Nakijwa, au Mama Mbonea, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa mbali. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni nitawauliza, na mimi sipendi kujibiwa na mtu aliyekuwa anawaza mambo yake.

Nakijwa alikuwa mpishi. Sisemi wa hotelini. Nasema mtu ambaye ukitokea msiba, ikitokea harusi, hakuna anayeuliza nani atasimamia masufuria. Basi kisukari kikamshika, kidonda kikaota mguuni, kidonda kikagoma kupona, na mguu ukakatwa. Akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nyuma, mafiga matatu chini na ngazi mbili za mawe mlangoni. Hakuingia tena humo.

Mwaka mzima akala vya mikono ya majirani. Majirani walileta kwa moyo mmoja, siwasemi vibaya. Lakini mwanamke akaanza kupungua. Kwanza aliacha kuimba, halafu akaacha kuuliza habari za watu, halafu akaacha kumaliza sahani. Eliakimu akaona, na roho ikamuuma sana. Siku moja akakaa mbele yake akamwuliza anataka nini hapa duniani.

"Nataka kupika, Baba Mbonea," akasema. "Nikipika chungu kimoja kwa mkono wangu mwenyewe, nitajua bado nipo."

Mwalimu akaazimia kugeuza stoo ya ndani iwe jiko, lenye makabati, sinki, na meza ya kukatia mboga ambayo mtu ataifikia akiwa ameketi. Mkewe akakubali kwa sharti moja tu. Hakutaka mafundi ndani ya nyumba. Hakutaka kijana asiyemjua asimame na nyundo mkononi akimtazama anavyobebwa kupelekwa chooni. Eliakimu akasema sawa, nitalifunga mwenyewe. Mtu ameshika chaki miaka thelathini na minane, drili hajawahi kuigusa, lakini akasema nitalifunga mwenyewe.

Kwa hiyo alihitaji muuzaji wa kumkatia vipande na kumletea mlangoni tu, yeye aviunge. Na wauzaji wa makabati katika mji ule walikuwa watatu.

Wa kwanza aliitwa Zefania. Duka lake lilikuwa la vioo, na ndani makabati yamepangwa yakiwa tayari, meupe, yanang'aa, yametoka jijini kwenye maboksi. Biashara yake siku hizo ilikuwa imelala. Mwalimu alipoingia akasema nataka lile, Zefania akalitazama kabati, akamtazama mwalimu, akamwuliza ni la nani. Akaambiwa. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, sikuuzii," akasema. "Haya ni marefu kwa Mama, na hayakatiki, ukiyakata yanafumuka. Nenda kwa mwenye mbao."

Eliakimu akatoka amekasirika, akidhani amedharauliwa. Na huyo Zefania akabaki na kabati lake.

Wa pili aliitwa Namsifu, mwanamke mwenye kiwanda cha mbao nyuma ya soko. Huyu alikata mbao kwa kipimo chochote utakachomletea. Na huyu, sikilizeni, alikuwa mwanafunzi wa Eliakimu. Alifundishwa naye hesabu darasa la nne, na mpaka leo akimwona anasimama kwanza ndipo aamkie.

Wa tatu aliitwa Kajiru. Kajiru alitengeneza makabati mazuri kuliko wote, hilo kila mtu alilijua. Lakini Kajiru alitengeneza pia majeneza. Ndiye aliyewapima watu wa mji ule wanapolala mara ya mwisho. Watu walimsalimia kwa mbali. Kwenye misiba alikaribishwa, kwenye vipaimara hakukaribishwa. Mwalimu alipita mbele ya karakana yake mara mbili, futi ya kupimia mkononi, na mara zote mbili hakuingia. Ungeingia wewe, na mgonjwa yuko nyumbani? Kajiru naye alimwona akipita, akajua anatafuta nini, hakumwita. Alishazoea.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoanzia. Mwalimu alitakiwa kupima urefu wa meza. Akili yote inasema umpime yule atakayeitumia. Lakini kwao mtu mgonjwa hapimwi kwa futi. Anayepimwa kwa futi ni maiti. Ukimnyooshea mgonjwa futi ni kama umeshamwita Kajiru. Eliakimu alikuwa msomi, na bado alishindwa. Alisimama mlangoni na ile futi, mkewe kampa mgongo, akaondoka. Akaenda kuketi kwenye kiti chake cha kulia chakula, akajipima yeye. Na Eliakimu ni mrefu, na kiti kile ni kirefu.

Akampelekea Namsifu vipimo vimeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Namsifu akavisoma mara mbili. Alimjua Mama Mbonea, alimjua kimo chake, na akaona namba zimezidi. Lakini utamwambiaje mwalimu wako kwamba amekosea hesabu? Akameza maneno. Akakata kama ilivyoandikwa, akapiga randa, akaandika namba kwenye kila kipande ili mwalimu ajue kipi kinaungana na kipi.

Eliakimu akafunga. Siku kumi na mbili. Alijitoboa kidole, akafunga bawaba kichwa chini miguu juu, akazifungua, akafunga upya. Aliweka pimamaji juu ya meza akaangalia kile kiputo cha hewa mpaka macho yakauma. Nakijwa alikuwa anasikia milio chumbani, na jioni akaanza kuuliza maswali. Vitunguu utaviweka wapi? Chumvi itakuwa upande gani? Mwalimu akasikia mkewe anauliza, akaenda uani akalia peke yake kwa furaha.

Siku ya kumi na tatu akamsukuma mpaka jikoni. Meza ikamfikia Nakijwa kifuani. Akainua mikono kushika kisu, mabega yakapanda, kisu kikakata hewa. Akajaribu tena, kitunguu kikadondoka. Akakiweka kisu, akageuza magurudumu mwenyewe, akarudi chumbani akaelekea ukutani. Siku mbili hakula kitu.

Siku ya tatu alfajiri akamwita mumewe.

"Kaniitie Kajiru."

Mwalimu akafikiri mke wake anaagiza jeneza lake. Nakijwa akamwambia, "Nasema mwite. Nimechoka na watu kuogopa kunipima. Anayejua kupima watu ni yeye, basi aje anipime ningali hai."

Kajiru akaja kwa miguu, amevaa shati la kanisani. Mlangoni akavua viatu. Hakumkwepa Nakijwa kwa macho kama wengine. Alimwomba ruhusa, akapiga magoti mbele ya kiti, akampima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kutoka begani hadi ncha ya vidole, akamwambia anyooshe mkono kama anachukua chumvi, anyooshe kama anageuza ugali. Akaacha nafasi wazi chini ya meza ili magoti na magurudumu yaingie. Eliakimu akamwambia basi leta mbao zako ufanye wewe. Kajiru akakataa. Alisema mbao za karakana yake zimelala pamoja na zile za majeneza, na hataki Mama Mbonea apike juu ya mbao hizo huku mji unanong'ona. Akamwandikia Eliakimu vipimo kwenye karatasi, akapokea asante ya Nakijwa, akaenda zake.

Eliakimu akarudi kwa Namsifu, kichwa chini. Namsifu wakati huo alikuwa anakata mabenchi ya kanisa, na siku ya kuyakabidhi ilikuwa Jumapili ile. Akazima mashine, akasukuma mabenchi kando, akaanza kukata upya jiko la Mama Mbonea. Wazee wa kanisa walipokuja wakakuta mabenchi hayajaisha. Wakachukua kazi yao, wakaipeleka mji mwingine, na hawakurudi kwake tena.

Mwalimu akafungua kila skrubu aliyoifunga, akafunga upya. Safari hii siku tano tu. Nakijwa akasukumwa jikoni, magoti yakaingia chini ya meza, viwiko vikatua. Akakata kitunguu. Akakata cha pili. Halafu akaimba, sauti ya kukwaruza, lakini akaimba.

Akapika makande. Mahindi ya kukoboa, maharage, nazi aliyoikuna mwenyewe. Na kwa ukoo wa Nakijwa kuna jambo. Chungu cha kwanza cha jiko jipya, upawa wa kwanza unakwenda kwa mtu mmoja, yule aliyekupa jiko. Haugawanywi. Mtu huyo anakuwa ndugu wa nyumba. Ataitwa kwenye ndoa ya mjukuu, atakalishwa upande wa familia, na mwenye jiko akifa, yeye ndiye wa kwanza kutupa udongo. Eliakimu hawezi kuupata, maana ni mume, tayari ni wa nyumba. Basi wakaalikwa wale watatu, wakaketi mkekani mbele ya meza ile fupi.

Nakijwa akasema, "Sijui nimpe nani. Semeni wenyewe."

Zefania akasema, "Mimi sikukata ubao hata mmoja. Lakini ningesema ndiyo siku ile, Mwalimu angechukua kabati langu, na kabati lile halipunguziki. Hapa tungekuwa tumekaa bure."

Namsifu akainamisha macho. "Mimi nilijua namba zimezidi nikanyamaza, Mama, na kwa sababu yangu ulishinda na njaa. Hilo siliombei msamaha. Lakini meza unayoegemea nimeikata mara mbili, na mara ya pili nimepoteza kanisa."

Akabaki Kajiru. Nakijwa akamgeukia.

"Mimi nilimwona Mwalimu akipita na futi, sikumwita," akasema. "Kwa hiyo na mimi nina langu. Lakini Mama, nimepima watu wa mji huu miaka ishirini na sita. Wewe ni wa kwanza kunishukuru."

Eliakimu akamtazama mkewe. Mkewe akachovya upawa, akauinua, umejaa, mvuke unapanda. Mbele yake kuna bakuli tatu, na watu watatu wamezitazama bakuli zao.

Haya. Nimemaliza kusema mimi, sasa semeni nyinyi. Yule aliyekataa kuuza, yule aliyekosea kwa heshima akarekebisha kwa hasara, na yule aliyethubutu kumpima mtu aliye hai. Upawa ni mmoja, na makande yanapoa. Je, nani alistahili kuupokea?