Ngoma ya Lugwisha na Banda la Bondeni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba juu ya kilima na banda la kusindika muhogo chini bondeni. Aliitwa Lugwisha, na vyote viwili alivirithi kwa baba yake. Banda lilikuwa refu, la kupindapinda, na ndani yake ulipita mtaro wa mbao tangu lango la juu hadi lango la chini. Muhogo uliingia, ukamenywa, ukatwangwa, ukalowekwa katika pipa kubwa. Kisha rojo yake ikaanza safari mtaroni.

Wafanyakazi walisimama kandokando, kila mmoja na kibao chake. Aliye nyuma ya rojo alibana na kusukuma, aliye mbele aliinua kibao na kupisha. Hawakungoja amri. Kila mmoja aliijua zamu yake kwa kumtazama jirani, na rojo ilipokuwa ikisogea, wanawake wa kuchuja walichota kilicho chema wakakianika kiwe unga. Makapi yalitokea chini, yakawa mbolea. Mlinzi wa lango la chini peke yake ndiye aliyeomba ruhusa kwa Lugwisha kabla ya kufungua, na hilo lilikuwa jambo la adabu tu, maana makapi yananuka, na huko juu huenda kuna wageni.

Kutoka nyumbani hadi bandani ilishuka kamba ndefu yenye kengele huku na huku. Lugwisha aliamini kwamba kamba ile ni ya kutolea amri. Ni kweli, aliivuta taratibu kuwaambia waendelee. Lakini laiti angekuwa makini, angeona kwamba mara nyingi zaidi ilivutwa kutoka chini: tumejaa, tumepungukiwa, hapa pamekwama. Alikuwa pia na ngoma ya hatari. Fisi akionekana aliipiga, na watu wote waliacha vibao, wakashika marungu, wakakimbilia uani. Ndivyo ilivyopasa. Nani asukume rojo huku fisi yuko mlangoni?

Ikawa binti yake, Kabula, amechumbiwa. Harusi ilipangwa Jumamosi, na wakwe walikuwa waje kula ugali wa unga wa banda lile lile. Hapo Lugwisha akaanza kuhangaika. Jumatatu aliona wingu, akapiga ngoma. Jumanne alikumbuka kwamba mama wa bwana harusi ni mtu wa maneno, akapiga ngoma. Jumatano hakukumbuka lolote, na kwa kuogopa kwamba amesahau jambo, akapiga ngoma. Kila mara watu walitupa vibao, wakakimbilia uani, wakatazamana, wakarudi. Rojo ikalala mtaroni, ikachacha, ikafura mapovu, na harufu ikapanda kilima. Kengele ya nyumbani ililia kutwa nzima, naye kwa kuudhika akaifunga tambara.

Alhamisi asubuhi alipanda Nyamizi, msimamizi wa banda, mama aliyeanza kazi pale Lugwisha hajazaliwa bado. Hakukubali kiti. Alimtazama, akasema, "Mwanangu, tumetoka na marungu mara tatu, fisi hatujamwona, kusukuma tunajua wenyewe, wewe tunyamazishie hiyo ngoma tu."

Lugwisha aliona haya. Akaitundika ngoma ukutani, akaifungua kengele lile tambara, akaketi kibarazani na kuvuta pumzi ndefu. Kisha akaivuta kamba mara moja, polepole, akabaki ameishika. Mwanzoni ilikaa kimya. Baadaye alihisi mtikisiko mdogo mkononi, halafu mwingine, na mwingine, ikifuatana kwa utaratibu, vibao vimeanza. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Chini waliimba, wakapokezana wimbo mtu hadi mtu kuufuata mtaro. Mlinzi wa lango la chini aliomba ruhusa, na siku hiyo alipewa upesi kuliko siku zote.

Wingu la Jumatatu lilikuwa limekwenda zake, jua likawaka, na Ijumaa jioni unga ulijaa ghalani, mweupe. Jumamosi wakwe walikula. Mama wa bwana harusi, yule mtu wa maneno, alisema neno moja tu, nalo ni kuomba aongezewe. Kabula alicheka, Nyamizi akapiga vigelegele, naye Lugwisha akacheza hadi kofia ikamwanguka, wala hakuiinamia.

Ndugu zangu, banda hilo kila mmoja wetu amelibeba chini ya mbavu zake, na lilianza kazi kabla hatujajua kutamka njaa. Basi kesho utakapoketi kula umekunja uso, mkono mmoja uko kwenye sahani, ule wa pili unampigia ngoma fisi gani?