Birika la Mwenye Nyumba

Mtu mmoja, Mzee Ambakisye, alikuwa na birika. Lilikuwa la bati, mdomo umepinda. Lakini kila mgeni aliyeingia kula nyumbani kwake, mkubwa au mdogo, alinawishwa mikono kwa birika hilo na mzee mwenyewe. Majirani walimcheka, maana kwa desturi mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Yeye alijibu kwamba mgeni hana umri.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukalala. Hospitali ilimwokoa, ikamrudisha nyumbani akiwa hai.

Mkewe, Tusekile, alimpenda. Alimvisha, akamlisha kwa kijiko, akamfuta mdomo. Alimpa mpira wa kuminya ili vidole vipate nguvu. Mzee akauminya siku tatu, kisha akauacha ubingirie uvunguni. Birika, Tusekile alilipandisha juu ya kabati, mumewe asije akaliona akahuzunika. Mumewe aliliona kila siku. Wageni walipobisha hodi alijifanya amelala, kwa kuwa hakujua tena yeye ni nani katika nyumba ile. Wageni wakapungua.

Mwezi wa tano akaja Atupele, binti wa hospitali ya wilaya, ambaye kazi yake ni kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao. Hakuuliza mkono unauma wapi. Aliuliza ulikuwa ukifanya nini kabla haujalala. Mzee alilitazama birika juu ya kabati.

Chakula kilipoiva, Tusekile alishusha birika amnawishe mgeni. Atupele akarudisha mikono yake mapajani.

“Samahani, mama. Mimi sili hapa mpaka mwenye nyumba aninawishe.”

“Mwanangu, mkono wenyewe haushiki hata kijiko. Unataka kumwaibisha?”

Atupele alimwaga maji, akabakiza robo. Alizungushia kitambaa kwenye kishikio kiwe kinene. Akauweka mkono uliolala juu ya kishikio, na ule mzima chini ya birika: mmoja ubebe, mwingine ukumbuke. Maji yalimwagika mkekani, magotini, mpaka kwenye sahani ya ndizi. Tusekile aliinuka kusaidia, akajizuia, akaketi juu ya viganja vyake. Katika yote aliyomfanyia mumewe tangu augue, hilo ndilo lililomwia gumu zaidi.

“Nilitaka kukunawisha,” mzee alisema, “nimekuogesha.”

Atupele alirudi kila Alhamisi, na kila Alhamisi alikula kwao akiwa na mikono safi na nguo mbichi. Siku za katikati, mzee alimnawisha yeyote aliyepita. Baada ya wiki sita kitambaa kilipunguzwa, maji yakaongezwa. Vidole viwili havikuamka, na mpaka leo havijaamka.

Jumapili moja majirani wanne waliingia bila kualikwa. Mzee hakujifanya amelala. Aliwanawisha wote, polepole, chakula kikipoa, na hakuna aliyenung’unika. Kisha akamgeukia Tusekile, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa jikoni wakati wengine wakinawishwa, akamwambia alete mikono.

Nawe unayemuuguza mtu wako kwa mapenzi yote: birika lake umelipandisha wapi?